Kwa Nini Jioni Nusu ya Skrini Hubaki Nyeupe: Mandhari ya Mchana na Usiku kwenye Kompyuta

Oktoba 2025 ilileta jambo moja kutoka pande mbili ambazo kwa kawaida haziendi pamoja. Microsoft iliongeza kwenye PowerToys, kifurushi chake cha bure cha zana za ziada za Windows, zana iitwayo Light Switch, ambayo kazi yake ni kuipeleka kompyuta kwenye rangi nyeusi jioni na kuirudisha kwenye rangi nyeupe asubuhi. Mwezi huohuo lilitoka toleo la 6.5 la Plasma, eneo-kazi la KDE linalotumiwa na watu wengi wa Linux, likiwa na uwezo wa aina hiyohiyo ndani yake. Watumiaji wa Mac walikuwa nao tangu mwaka 2019. Leo, basi, karibu kila mwenye kompyuta ya kisasa anaweza kupata mandhari yanayofuata mchana na usiku bila kuyagusa kwa mkono, na ndiyo maana maswali nayo yameongezeka. Kwa nini kivinjari kimegeuka cheusi lakini dirisha la jirani yake limebaki jeupe? Kwa nini mashine fulani hugeuka nyeusi asubuhi, jua likiwa limeshachomoza? Na je, ni kweli kwamba rangi nyeusi huokoa macho na umeme?

Sehemu kubwa ya mkanganyiko huu inatokana na dhana kwamba kuna swichi moja mahali fulani ndani ya kompyuta, ambayo ikibonyezwa kila kitu hugeuka. Swichi hiyo haipo. Kilichopo ni makubaliano kati ya saa ya kompyuta, mfumo endeshi na kila programu peke yake, na pale ambapo mmoja wao hakushiriki makubaliano hayo, rangi hugoma kubadilika. Mtu akishalielewa hilo, karibu kila hitilafu anayokutana nayo ataweza kuitafutia chanzo chake mwenyewe.

Kabla ya kufika huko, inabidi kutenganisha vitu vitatu ambavyo mazungumzo ya kila siku huvichanganya. Cha kwanza ni mandhari yenyewe: rangi za madirisha, menyu, vitufe na maandishi. Mandhari meupe huweka maandishi meusi juu ya usuli mweupe, na mandhari meusi, ambayo wengi huyaita dark mode hata wanapozungumza Kiswahili, hufanya kinyume chake. Cha pili ni mwanga wa usiku, unaoonekana kwenye Windows kwa jina la Night light na kwenye Mac kwa jina la Night Shift. Huu haugusi mandhari hata kidogo. Unapunguza rangi ya buluu katika kila kinachoonyeshwa, kiasi kwamba skrini nzima, pamoja na picha na video, huelekea kwenye rangi ya chungwa. Cha tatu ni mwangaza, yaani kiasi cha mwanga unaotoka kwenye skrini, na huo unabaki palepale hata kama viwili vya kwanza vimebadilika. Mtu anayesema kwamba amewasha mandhari meusi na bado skrini inamchoma macho, mara nyingi anazungumzia cha tatu huku mkono wake ukiwa kwenye cha kwanza.

Sasa tuingie ndani. Saa ya jioni inapofika, mfumo endeshi haupaki rangi nyeusi juu ya programu zako. Unachofanya ni kama kupiga mbiu ya mgambo mtaani: unatangaza kwamba kuanzia sasa mtumiaji anapendelea giza, kisha unanyamaza. Programu iliyofundishwa kusikiliza mbiu hiyo hubadili rangi zake papo hapo. Programu iliyoandikwa kabla mbiu haijabuniwa haisikii lolote, na ile iliyoagizwa na mwenyewe ibaki nyeupe daima inasikia lakini inatii agizo lake.

Kwenye Windows, mbiu hiyo ni maandishi mafupi mno. Ndani ya sajili ya mfumo, yaani hifadhi ambamo Windows huweka mipangilio yake, chini ya sehemu ya mandhari ya mtumiaji, kuna thamani mbili: AppsUseLightTheme na SystemUsesLightTheme. Kila moja ikiwa 1, rangi ni nyeupe. Ikiwa 0, ni nyeusi. Ya kwanza inahusu programu, ya pili inahusu upau wa kazi na menyu ya Start. Kwa kuwa ziko mbili, inawezekana kabisa upau wa kazi ukawa mweusi na madirisha yakawa meupe, jambo ambalo wengi hulidhania kuwa kosa kumbe ni chaguo. Kwa hakika ndivyo Windows 10 ilivyokuja tangu mwanzo, na ilikuwa hadi sasisho la Mei 2019 ndipo mtumiaji alipopewa mandhari meupe kamili, upau wa kazi ukiwa ndani yake. Light Switch na programu huria iliyotangulia miaka mingi kabla yake, Auto Dark Mode, kazi yao ya msingi ni kuzigeuza thamani hizo mbili kwa wakati uliopangwa na kuziarifu programu kwamba zimegeuka. Mengine yote ni mapambo.

Kutokana na hapo unaweza kueleza kwa nini Device Manager, dirisha la Windows la kusimamia vifaa, hubaki nyeupe pe hata usiku wa manane: ni dirisha la enzi za zamani, lililojengwa kwa vipande visivyosoma thamani hizo. Programu nyingi za uhasibu na za kuuzia dukani ni za aina hiyohiyo, na hakuna mpangilio wa Windows utakaozifanya zitii. Kuna pia sababu moja ambayo haizungumzwi sana ingawa iko kwenye mashine nyingi za mitaani: Windows ambayo haijaamilishwa kwa leseni hufunga sehemu ya mipangilio ya mwonekano. Mwenye mashine huona vitufe vimefifia, akadhani kompyuta yake ni ya zamani mno kwa mambo haya.

Kwenye Linux mambo yalikuwa vurugu kwa muda mrefu, kwa kuwa kila eneo-kazi lilikuwa na lugha yake ya rangi. Nafuu ilipatikana pale makundi mbalimbali yalipokubaliana juu ya thamani moja ya pamoja yenye majibu matatu: 0 ikimaanisha mtumiaji hana upendeleo, 1 anapendelea giza, 2 anapendelea weupe. GNOME 42, toleo la eneo-kazi jingine la Linux lililotoka Machi 2022, iliifanya thamani hiyo kuwa ya kawaida, na siku hizi amri fupi kama gsettings set org.gnome.desktop.interface color-scheme prefer-dark inatosha kuzigeuza programu zake mpya zote kwa pamoja. Programu za zamani kidogo, zilizojengwa kwa GTK 3, toleo la zamani la zana za kujengea madirisha, nyingi hazijali thamani hiyo. Zenyewe hutaka zitajiwe jina la mandhari jingine kabisa, kwa mfano Adwaita-dark. Ndiyo maana mtu anayejiandikia hati yake ndogo ya kubadilisha rangi kwa ratiba inampasa aandike amri mbili, si moja. Akisahau ya pili, atapata ile nusu nyeusi, nusu nyeupe inayolalamikiwa na kila mtu. Wenye Plasma 6.5 wameepushwa na usumbufu huo, kwa kuwa huchagua seti kamili mbili za mandhari, moja ya mchana na moja ya usiku, na mfumo hushughulikia yaliyobaki.

Mac ina kitu kimoja kinachowachanganya watu wazima na akili zao. Ukichagua Auto kwenye sehemu ya Appearance, mabadiliko hayatokei lazima dakika jua linapozama. Mac husubiri hadi iwe imekaa bila kuguswa kwa angalau dakika moja, na kama kuna programu inayoizuia skrini kulala, kwa mfano video inayocheza, huendelea kusubiri. Anayechapa bila kupumzika kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku anaweza kudhani kipengele kimekufa, kumbe kinamstahi tu kisimbadilishie rangi katikati ya sentensi. Binafsi naona huo ni uungwana ambao mifumo mingine ingefaa kuuiga.

Kurasa za wavuti zina mbiu yake, ingawa chanzo ni kilekile. Kivinjari huusoma uamuzi wa mfumo endeshi, kisha huuambia kila ukurasa kupitia kipengele cha CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa, kiitwacho prefers-color-scheme, ambacho Safari, Firefox na Chrome zote zilianza kukifahamu mwaka 2019. Lakini kivinjari hakiwezi kubuni rangi ambazo mtengenezaji wa tovuti hakuziandika. Tovuti yenye seti moja tu ya rangi itabaki nayo usiku na mchana. Zaidi ya hapo, tovuti kubwa nyingi zina mpangilio wao wa ndani wenye chaguo tatu, yaani nyeupe, nyeusi, na kufuata mfumo, na mtumiaji aliyewahi kubonyeza nyeupe hata mara moja tu, labda miaka mitatu iliyopita, ameshaitoa tovuti hiyo kwenye ratiba. Ukitaka ianze tena kufuata saa, rudi kwenye chaguo la tatu. Ushauri huo mmoja huondoa malalamiko mengi kuliko programu yoyote unayoweza kupakua. Upo pia mpangilio wa Firefox uitwao resistFingerprinting, ambao huziambia tovuti zote kwamba mtumiaji anapendelea rangi nyeupe hata kama sivyo, kwa sababu upendeleo wa rangi nao ni alama ndogo ya kumtambulisha mtu mtandaoni. Aliyeuwasha kwa ajili ya faragha asishangae.

Hiyo ndiyo mbiu. Linalofuata ni nani anayeamua ipigwe saa ngapi, na hapo kuna njia mbili: saa maalumu zilizoandikwa na mtumiaji, au machweo na mawio ya jua yaliyokokotolewa na kompyuta kutokana na mahali ilipo. Njia ya pili inasikika kuwa ya kisasa zaidi na ndiyo inayopendekezwa kwenye miongozo mingi, lakini miongozo hiyo mingi imeandikwa na watu wa kaskazini. Jijini London, jua la mwishoni mwa Juni huzama kama saa tatu na dakika ishirini usiku, ilhali la mwishoni mwa Desemba huzama kabla ya saa kumi alasiri. Tofauti hiyo inazidi saa tano, na ratiba isiyobadilika ingekuwa ya hovyo. Huko Tromsø, kaskazini mwa Norwe, jua halizami kabisa kwa karibu miezi miwili ya kiangazi, na programu isiyoandaliwa kwa hali hiyo haijui la kufanya. Nairobi, kwa upande mwingine, iko chini kidogo tu ya ikweta, na machweo yake kwa mwaka mzima hucheza ndani ya takriban nusu saa. Dar es Salaam tofauti haifiki saa nzima. Kwa mtu wa huku, kuandika saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa kumi na mbili na nusu jioni kunampa karibu kila kitu ambacho kukokotoa jua kungempa, na anabaki na faida ya kutoitoa ruhusa ya kujulikana mahali alipo.

Ruhusa hiyo yenyewe haina uhakika kama watu wanavyodhani. Kompyuta nyingi hazina GPS. Hukisia mahali zilipo kutokana na mitandao ya Wi-Fi iliyo jirani au anwani ya intaneti, na anwani ya intaneti ya mtu aliyeko mkoani mara nyingi huonekana kana kwamba iko jiji kubwa. Tuseme uko Kigoma na kompyuta inaamini uko Dar es Salaam. Miji hiyo imeachana kwa zaidi kidogo ya nyuzi tisa na nusu za longitudo, na kila nyuzi moja ni dakika nne za jua. Kigoma jua huzama takriban dakika 38 baada ya kuzama Dar es Salaam, hivyo skrini yako itakuwa nyeusi huku Ziwa Tanganyika likiwa bado linang'aa. Anayetumia VPN iliyopitia Ulaya atapata maajabu makubwa zaidi.

Hata njia ya saa maalumu ina mtego wake kwa anayehesabu saa kwa Kiswahili. Kompyuta huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa moja jioni huandikwa 19:00. Mtu aliyeandika 1:00 akiwa na saa moja jioni kichwani ameiambia mashine ibadilike saa saba usiku, na mashine itatii.

Mtego ulio mgumu zaidi kuugundua unahusu kanda ya saa, na huo unastahili kuelezwa polepole, kwa sababu ndio unaozaa kile kituko cha mandhari yanayokuwa meusi asubuhi. Ndani ya kompyuta kuna mambo mawili: saa inayoonekana kwenye kona ya skrini, na kanda inayoeleza saa hiyo ni ya sehemu gani ya dunia. Mashine nyingi zilizotumika hufika kwetu zikiwa na kanda ya huko zilikotoka, na Windows iliyosakinishwa upya kwa Kiingereza cha Marekani aghalabu huanza na kanda ya Pasifiki, ile ya California, ambayo iko saa nane nyuma ya saa ya kimataifa ya UTC wakati wa baridi. Sisi wa Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya UTC. Fundi anapoona saa imekosewa, mara nyingi huisogeza kwa mkono hadi ifanane na ya simu yake, kisha anaiacha kanda kama ilivyo. Kona ya skrini sasa inaonekana sawa, na hakuna anayeuliza zaidi.

Lakini jua halikokotolewi kwa saa ya kona. Linakokotolewa kwa UTC, na kompyuta hupata UTC kwa kuichukua saa ya kona na kanda kwa pamoja. Machweo ya Dar es Salaam ya saa kumi na mbili na nusu jioni ni 15:30 kwa UTC. Mashine inayojiona iko California hutoa saa nane kutoka hapo na kupata 7:30, yaani saa moja na nusu asubuhi kwenye saa ya kona. Hapo ndipo itakapopiga mbiu ya giza. Mawio yake yataangukia saa moja na nusu usiku, ambapo skrini itawaka nyeupe pe. Mchana na usiku vimebadilishana, na mwenye mashine anaapa kwamba saa yake iko sahihi. Mashine iliyokuja na kanda ya Dubai haina kituko kikubwa hivyo, kwa kuwa Dubai iko saa moja tu mbele yetu. Yenyewe huchelewa kwa saa moja kila jioni, kosa dogo ambalo mtu anaweza kuishi nalo mwaka mzima bila kujua. Dawa ya hali zote mbili ni moja: kwanza chagua kanda ya Nairobi au Dar es Salaam, yaani UTC+3, ndipo uiache kompyuta irekebishe saa yenyewe kupitia intaneti. Ikiwa baada ya hapo saa inarudi nyuma kila mashine inapochomolewa umeme, kinachohitajika ni betri ndogo ya duara iliyoko kwenye ubao mama, ambayo bei yake haimtishi mtu.

Ukishakuwa na ratiba inayofanya kazi, linabaki suala la kuyatengeneza mandhari yenyewe yakupendeze, na hapa kosa linalorudiwa zaidi ni kudhani kwamba mandhari meusi ni mandhari meupe yaliyogeuzwa nje ndani. Nyeusi tupu chini ya nyeupe tupu ina uwiano wa utofauti wa 21 kwa 1, mkubwa kuliko wote unaowezekana, na kwa wasomaji wengi ni mkali kupita kiasi. Herufi huonekana kama zinatoa ukungu pembeni, hasa kwa mwenye tatizo la astigmatizimu, ambaye konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho lake, haikukaa duara sawasawa. Miongozo ya usanifu ya Google kwa muda mrefu ilipendekeza usuli wa kijivu kizito sana, namba #121212, badala ya nyeusi kamili, na maandishi yasiyo meupe kabisa. Kwa upande wa chini, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, WCAG, hutaka uwiano usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Ndani ya mipaka hiyo kuna uwanja mpana wa kuchezea. Rangi kali nazo zinahitaji kupozwa: buluu ya viungo inayosomeka vizuri juu ya nyeupe huzama kabisa juu ya kijivu kizito, na nyekundu ya tahadhari huanza kutetemeka.

Picha ya usuli nayo isisahauliwe, kwani kuna haja gani ya madirisha meusi juu ya picha ya ufuo wa mchana kweupe? Mac ilionyesha njia mwaka 2018 kwa picha ya jangwa la Mojave, ambayo kwa hakika ni faili moja lenye picha 16 za tuta lilelile la mchanga kwa nyakati mbalimbali za siku. Kwa kompyuta nyingine, picha mbili zinatosha, na Auto Dark Mode na Plasma zote zinaweza kuzibadilisha sambamba na mandhari.

Wanaotuma nyaraka za kiofisi wana jambo jingine la kuangalia. Saini iliyoskaniwa na kukatwa usuli wake, ikabaki wino mweusi peke yake, huonekana vizuri sana kwenye barua-pepe ya mchana, halafu jioni, mpokeaji akiwa kwenye mandhari meusi, hutoweka: wino mweusi juu ya usuli mweusi. Nembo za kampuni zenye maandishi meusi hupatwa na mkasa huohuo. Kuacha ukingo mwembamba mweupe kuzunguka saini au nembo kunatosha. PDF, kwa upande wake, hubaki nyeupe kwa sababu weupe huo ni sehemu ya waraka, si sehemu ya dirisha, na kwa maoni yangu ni vyema ibaki hivyo, kwa kuwa anayekagua mkataba anapaswa kuuona kama utakavyochapishwa.

Tumebakiwa na imani tatu ambazo zimeenea kuliko ukweli wake. Ya kwanza ni ya macho. American Academy of Ophthalmology, chama cha madaktari wa macho wa Marekani, kinasema hakuna ushahidi wa kisayansi kwamba mwanga wa skrini unaharibu macho. Uchovu na ukavu tunaousikia hutokana zaidi na kukodoa kwa muda mrefu na kupepesa macho mara chache. Kuhusu usomaji, watafiti wa Chuo Kikuu cha Düsseldorf, Ujerumani, walichapisha mwaka 2013 matokeo yaliyoonyesha kwamba maandishi meusi juu ya nyeupe husomwa vizuri zaidi, kwa vijana na kwa wazee pia. Sababu yake ni ya kimaumbile: mwanga mwingi huifanya mboni ijifinye, na mboni ndogo hutoa taswira kali zaidi ndani ya jicho. Kwenye chumba chenye mwanga wa mchana, basi, mandhari meusi humpa msomaji kazi ya ziada, na anayeyatumia saa ishirini na nne kwa sababu ameambiwa ni ya afya ameambiwa visivyo. Usiku, taa zikiwa hafifu, hali ni nyingine, kwani ukurasa mweupe unakuwa ndiyo taa kali kuliko zote chumbani. Hoja ya kubadilisha kwa ratiba, badala ya kuchagua upande mmoja, imesimama juu ya tofauti hiyo.

Imani ya pili ni ya umeme. Skrini za LCD, ambazo ndizo zilizo kwenye kompyuta nyingi za mezani na mpakato za bei ya kawaida, zina taa ya nyuma inayowaka muda wote, na rangi nyeusi hupatikana kwa kuuziba mwanga huo tu. Taa haizimiki, umeme haupungui. Skrini za OLED ni tofauti, kwa kuwa kila nukta hujitolea mwanga wake na nukta nyeusi huwa imezimika. Hata huko faida inategemea mwangaza: watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipopima simu kadhaa za OLED mwaka 2021 walikuta kwamba mandhari meusi huokoa kati ya asilimia 3 na 9 tu pale mwangaza unapokuwa asilimia 30 hadi 50, kiwango cha kawaida cha ndani ya nyumba. Ni mwangaza ukiwa asilimia 100 ndipo faida ilipopanda hadi kati ya asilimia 39 na 47. Mwenye LCD anayetaka bili ya umeme ipungue apunguze mwangaza.

Ya tatu ni ya usingizi, na ndiyo yenye chembe kubwa zaidi ya ukweli. Ndani ya jicho kuna seli ambazo kazi yake si kuona bali kuuarifu mwili kama ni mchana au usiku. Zinaitikia zaidi mwanga wa buluu, na zikiamshwa huchelewesha melatonini, homoni inayoutayarisha mwili kulala. Hapo ndipo wazo la mwanga wa usiku lilipotoka. Ila kutoka kwenye seli hadi kwenye kitanda ni safari ndefu: utafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, uliochapishwa mwaka 2021 ukiwa na vijana 167, haukukuta tofauti ya usingizi kati ya waliotumia Night Shift kwenye simu zao na wasioitumia. Kinachosomwa na muda wa kukisoma vina uzito wao, na skrini ya rangi ya chungwa haiwezi kuufuta.

Kwa anayetaka kupanga jioni yake kwa kuzingatia haya yote, mandhari na mwanga wa usiku havina ulazima wa kuanza pamoja. Mandhari yanaweza kubadilika saa kumi na mbili na nusu, taa za ndani zinapowashwa, na mwanga wa usiku ukaachwa hadi saa tatu, kwa kuwa ukiwashwa mapema huharibu rangi za picha kwa anayefanya kazi ya usanifu au kuhariri video. Mwangaza wenyewe utabaki kuwa kazi ya mkono: mpakato zina vitufe vyake kwenye kibodi, lakini skrini nyingi za mezani hazipokei amri ya mwangaza kutoka Windows, na vitufe vyake viko chini ya ukingo wa skrini au nyuma yake, mahali ambapo wengi hawajawahi kupeleka kidole tangu siku iliponunuliwa.